Kumbi ndogo za muziki za Shimokitazawa, Tokyo: tathmini ya msikilizaji

Anayetaka kuzisikia bendi huru za Japani, zile zisizo chini ya kampuni kubwa za kurekodi, ningemshauri aanzie Shimokitazawa, mtaa wa magharibi mwa Tokyo unaofikika kwa dakika chache tu kwa treni ya Inokashira kutoka Shibuya. Kumbi nyingi za hapo ziko chini ya ardhi. Shelter, uliofunguliwa mwaka 1991, ni miongoni mwa zenye jina kubwa, ingawa hauchukui zaidi ya watu 250 hivi, tena wakiwa wamesimama wamebanana.

Kiingilio kwa kawaida huwa kati ya yen 2,000 na 3,500, na anayeweka nafasi mapema hulipa pungufu kidogo kuliko anayelipa mlangoni. Juu ya hapo kuna fedha ya kinywaji, yapata yen 600, ambayo kila anayeingia hulipa hata kama hana kiu, kwa kuwa kumbi hizi huendeshwa kwa leseni ya mgahawa. Kwa bendi nne au tano usiku mmoja, mimi naiona bei hiyo kuwa ya haki kabisa.

Kilichonivutia kuliko vyote ni sauti. Ukumbi huwa na drams zake na amplifaya zake, na mara nyingi mojawapo ni Roland JC-120, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1975 na ambayo ni nadra kuikosa katika kumbi za Japani. Kwa hiyo mpiga gitaa huja kwa treni akiwa na gitaa na pedali zake za kubadilisha sauti ya gitaa tu, na fundi mitambo, ambaye hufanya kazi kwa vifaa vilevile kila siku, anajua namna ya kuifanya sauti ya mwimbaji isimezwe na besi. Kila bendi hupewa kama nusu saa. Nilimtazama mpiga besi mmoja alipomaliza: makofi hayajaisha, yeye ameshapiga goti anakunja nyaya zake, na wenzake wa bendi inayofuata wamekwisha kusimama pembeni na vyombo mikononi.

Wasikilizaji hawapigi soga wimbo ukiendelea, na baina ya wimbo na wimbo hunyamaza kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani hawakupendezwa, kumbe wanasubiri kusikia mwanamuziki atasema nini. Kupiga picha mara nyingi hakuruhusiwi, na naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Kasoro zipo: katika ukumbi mmoja, ambao sitautaja, nguzo nene mbele ya jukwaa ilinifanya nimsikie mpiga drams usiku kucha bila kumwona.

Kasoro nzito zaidi haimgusi msikilizaji bali wanamuziki wenyewe. Katika kumbi nyingi bendi changa hupangiwa idadi ya tiketi za kuuza, utaratibu unaoitwa noruma, na tiketi zisipotimia wanabendi hujazia pengo kutoka mifukoni mwao. Ni mzigo usio wa haki kwa vijana wanaofanya vibarua mchana ili wapige muziki usiku. Ndiyo sababu mlangoni huulizwa umekuja kuitazama bendi gani, kwani jibu lako huingizwa katika hesabu ya bendi hiyo. Kwa hiyo naomba kila anayekwenda ajue jina moja kabla hajafika, badala ya kujibu kwamba amekuja kuzitazama zote.

Hapa hakuna desturi ya kumtunza mwimbaji jukwaani kama kwenye taarabu. Baada ya onyesho wanamuziki wenyewe husimama nyuma ya meza wakiuza sidii, kanda za kaseti na fulana, na kununua hapo ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuwafikishia fedha. Beba noti ndogo ndogo, kwa kuwa si kila meza inapokea kadi, na uangalie mapema saa ya treni ya mwisho.