Kununua hoho za kupanda nyumbani: kagua mizizi kwanza

Ninunue mbegu au miche? Hilo ndilo swali la kila anayeanza bustani ya pilipili hoho, na kwa mwenye nafasi ya mashina sita hadi kumi pembeni ya nyumba jibu langu halijabadilika: nunua miche michanga, na kabla hujalipa angalia mizizi yake. Hoho ni mmea unaokua polepole utotoni. Mbegu huota kwa siku 7 hadi 14 udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Ukiwa wa baridi, utangoja hata wiki tatu. Baada ya hapo mche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane. Anayenunua mche mzuri amenunua miezi hiyo miwili ya kulea.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa miche ya trei. Chagua wenye urefu unaopungua shibiri kidogo, shina nene kuliko njiti ya kiberiti, na usio na ua hata moja. Mwombe muuzaji ruhusa, kisha sukuma kitako cha kishimo cha trei kwa kidole na uuchomoe mche taratibu. Ukitoka na udongo wake wote, umeshikamana, na mizizi myeupe kama uzi inaonekana pembeni, huo ni wako. Mizizi ikiwa ya kahawia na inateleza vidoleni, imeozeshwa na maji. Ikiwa imejiviringisha tabaka juu ya tabaka, mche umekaa kwenye trei kupita kiasi na utachelewa kushika ardhi.

Geuza na majani. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujificha upande wa chini na kwenye ncha changa, na mche mmoja wenye vidukari unatosha kuambukiza bustani yote. Majani yenye mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kilichokolea, tena yaliyojikunja, ni dalili ya virusi. Hakuna dawa ya kuuponya mche huo, uache hapo hapo. Uliza pia kama miche imeshazoeshwa jua. Kama ilikuwa chini ya kivuli muda wote, izoeshe wewe kwa siku saba hivi, ukiongeza saa za jua kidogo kidogo, la sivyo majani yatababuka.

Usisahau kuuliza jina la aina. California Wonder, inayolimwa tangu 1928, ni chaguo salama kwa anayeanza: tunda lina nyama nene na vyumba vinne, na huanza kuchumwa likiwa la kijani yapata siku 75 baada ya kuhamishia bustanini. Yolo Wonder inafanana nayo, ila inavumilia zaidi virusi vya mozaiki ya tumbaku, ambavyo hushambulia hoho pia.

Nafasi ya pili ni mbegu za pakiti zisizo chotara (yaani zisizotokana na kuchanganya aina mbili), kwa mwenye subira na kitalu kidogo chenye joto. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuweka mbegu zako mwenyewe msimu ujao, mradi hakuna pilipili kali karibu. Hoho na pilipili kali huchavushana. Tunda la mwaka huu litabaki tamu, lakini mbegu zake zinaweza kukuzalia moto. Soma tarehe kwenye pakiti, maana mbegu za hoho hupoteza nguvu ya kuota baada ya miaka michache.

Mbegu chotara naziweka ya tatu, na si kwa ubaya wake. Zinazaa sana, na nyingine zimetengenezwa kuhimili magonjwa. Lakini ni ghali, na mbegu utakazozitoa kwenye matunda yake hazitarudia mama yao. Kama bustani yako ilishashambuliwa na virusi msimu uliopita, hapo zinapanda hadi nafasi ya kwanza, mradi pakiti itaje ugonjwa wenyewe unaokusumbua.

Ya nne ni mche mkubwa kwenye chungu, tayari una matunda. Huu ndio unaovutia macho kuliko yote. Niliwahi kununua mmoja wenye hoho tatu zinazong'aa. Nilipouchomoa nyumbani nikakuta mizizi imejisokota kama kamba chunguni. Zile tatu ziliiva, kisha mche ukadumaa wiki nyingi bila kutoa hata ua. Ukiupenda mno, yakate matunda yote siku unayoupanda na uilegeze mizizi kwa vidole. Inauma, lakini ndivyo mche utakavyopata nguvu ya kuota upya.

Ya mwisho ni mbegu za hoho ya jikoni. Hoho ya kijani bado haijakomaa, na mbegu zake mara nyingi ni changa mno kuota. Nyekundu ina mbegu zilizokomaa, lakini ikiwa ni chotara hujui kitakachotoka. Ziatike kwenye kopo ukitaka kujifunza kuotesha, ila sehemu yako inayopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku iachie miche uliyoikagua. Ipande jioni, sentimita 45 kati ya shina na shina, au mmoja mmoja kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini.