Beringi na sili za trela ya boti: ninunue zipi Kampala, niache zipi

Malalamiko ninayoletewa na wenye trela za boti yanafanana: "Dada, beringi nimebadilisha juzi tu, mbona gurudumu linalia tena?" Msomaji wa Kigungu, Entebbe, mwenye boti ya faiba, amebadilisha beringi za gurudumu lile lile mara mbili ndani ya msimu mmoja, tena za bei kubwa. Mwingine aliivuta boti kutoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi, akaishusha majini alipofika tu, na fundi alipofungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, akakuta uji mweupe mahali pa grisi. Wote wanalaumu beringi. Nikiwauliza walifunga sili gani, ile ringi ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye habu, jibu ni lile lile: ile iliyokuja nayo kwenye paketi.

Basi hapo ndipo penye shida, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sili.

Trela ikikimbia barabarani habu hupata moto na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ukiitumbukiza ziwani papo hapo, maji huipoza ghafla, hewa husinyaa, na habu huvuta maji kupitia mahali dhaifu kuliko pote, yaani mdomo wa sili. Grisi ikishaingiwa na maji hugeuka rangi ya maziwa. Trela ikae wiki mbili imesimama, roli za beringi zitashika kutu pale pale zinapogusa ringi zake, na safari inayofuata vidoa hivyo vitakuwa vishimo. Usijifariji kwamba maji ya Ziwa Victoria ni baridi, si ya chumvi. Chuma kinaoza kwa maji yoyote.

Ukiwa dukani, itoe sili kwenye karatasi yake uigeuze. Sili ya kufaa ina midomo miwili: mmoja unatazama ndani kuzuia grisi isitoke, mwingine unatazama nje kuzuia maji na mchanga. Nyuma ya ule wa ndani pana kijispringi chembamba kilichozunguka kama mkufu, nacho ndicho kinachoubana mpira kwenye ekseli. Kiguse kwa ukucha. Kama hakipo, irudishe. Mpira peke yake ukishazoea joto hulegea, na ukilegea hakuna beringi duniani itakayokuokoa, iwe ya Marekani au ya Japani.

Kama kipo, uliza kimetengenezwa kwa chuma gani. Vingi ni waya wa chuma cha kawaida, ambao hushika kutu na kukatika ndani kwa ndani, wewe huoni kitu. Unachotaka ni cha stenlesi. Muuzaji atakuletea sumaku kukuthibitishia. Usiitegemee, kwa sababu waya wa stenlesi ukishavutwa na kukunjwa kuwa springi unaweza kushikwa na sumaku kidogo. Mimi nawashauri watu wanunue moja kwanza, waifunike kwa kitambaa chenye maji ya chumvi hadi kesho yake. Chuma cha kawaida kitaonyesha kutu ya rangi ya chungwa. Kikibaki safi, rudi ukanunue zilizobaki.

Pia pitisha ukucha kwenye ekseli, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitaziba kitu. SKF, kampuni ya beringi ya Uswidi, wana ala nyembamba ya chuma ya kuvisha hapo, inaitwa Speedi-Sleeve, unene wake kama milimita 0.28, na sili ya kipimo kile kile inakaa juu yake. Ni nafuu kuliko kubadilisha ekseli.

Sasa beringi. Ya kwanza kwangu ni Timken ya Marekani, wala sifichi upendeleo wangu. Henry Timken ndiye aliyepata hataza ya beringi ya roli za koni mwaka 1898, na trela nyingi zinazoagizwa kutoka Marekani zina vipimo vya inchi ambavyo namba zake zinaanzia huko. Ringi zake nilizoshika zina uso laini usio na mikwaruzo, na namba imechongwa safi. Hizo namba zisome mwenyewe, usimwachie muuzaji. L44643 na L44649 zote mbili zinaingia kwenye ringi moja ya nje, L44610, kwa hiyo utaambiwa "ni ile ile, nnyabo (mama)." Si ile ile. Tundu la kwanza ni milimita 25.4, la pili karibu milimita 27. Ile kubwa kwenye ekseli ndogo itacheza, na ikicheza itakula sili kabla hujafika Mukono.

Ya pili ni SKF, na kwa sili peke yake naiweka mbele ya Timken. Ya tatu ni Wajapani, NTN na Koyo. Kama trela yako imechomelewa hapa nyumbani kwa habu za pikapu ya Toyota, wapandishe hao wawe wa kwanza, maana vipimo vyako ni vya milimita na spea zake zimejaa mjini.

Kifuniko cha habu chenye springi, kama Bearing Buddy, ni nyongeza nzuri. Kinaisukuma grisi kwa shinikizo dogo, kama psi 3, hivyo habu inapopoa maji hayapati nafasi ya kuvutwa. Ila wanaokipampu kwa nguvu mpaka grisi itokee nyuma wameshaisukuma sili nje ya makao yake. Grisi yenyewe iwe ya kuvumilia maji, yenye alama za GC-LB (grisi ya beringi za magurudumu na chasi) na NLGI 2 (ugumu wake), na usiichanganye na ile ya zamani. Osha habu kwanza.

Paketi za bei ya chini zisizo na jina: za trela ya kubebea matofali, sawa. Boti, hapana.

Linaloniuma ni jinsi tunavyouziwa. Ingia Kisekka, soko la spea la Kampala, utaje neno boti, bei inapanda hapo hapo, kwa sababu mwenye boti anahesabiwa tajiri. Muuzaji mmoja alinikatalia kuniuzia sili bila beringi, eti "zinaenda pamoja", wakati sili ndiyo inayochakaa kwanza. Wengine wanatia beringi isiyo na jina kwenye boksi la jina kubwa. Kwa SKF kuna programu ya simu, SKF Authenticate: unapiga picha unaituma kwa kampuni yenyewe. Na udai risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA. Kama muuzaji amesajiliwa kwa VAT, bei aliyokutajia ina asilimia 18 ya kodi hiyo ndani yake, kwa hiyo akikwambia risiti imeisha anataka uilipe hiyo asilimia 18 ibaki mfukoni mwake, na beringi ikifa huna pa kuirudishia.

Fundi akifunga, simama hapo. Springi ya sili itazame ndani kwenye grisi. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha ilegezwe, halafu irudishwe kwa vidole tu kabla ya kutia pini mpya. Na ukifika ufukweni, iweke mkono juu ya habu. Ikiwa bado ya moto, boti isubiri.