Mawe ya bandia ya bwawa la uani: ununue rangi gani, na ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake Chake, Pemba, ukauliza rangi ya kupaka mawe ya bwawa, aghlabu utatolewa mkebe wa rangi ya mafuta, ile inayong'aa. Muuzaji hana nia mbaya. Ndiyo rangi inayostahimili mvua kwenye milango na madirisha. Lakini jiwe la saruji linalokaa majini usiku na mchana ni jambo jingine, na pesa nyingi za bustani hupotea hapo. Nimepanga vitu hapa kwa kadiri vinavyostahili pesa yako, kuanzia cha kwanza. Ni kwa mtu anayetengeneza mawe yake mwenyewe, au anayemwita fundi na anataka kujua amnunulie nini.

Kuna atakayeuliza: kisiwa chote hiki ni jiwe, ya nini kutengeneza la bandia? Ni swali la haki. Mawe yetu ya matumbawe, khasa ya uwandani mashariki na kusini mwa Unguja, yana ncha kali zinazotoboa nailoni ya bwawa. Ni mazito, na yakiokotwa pwani huja na chumvi yake. Matumbawe hai ya baharini ndiyo hayaguswi kabisa; ndiyo makazi ya samaki wanaotulisha. Jiwe la bandia, yaani lipu ya saruji juu ya wavu wenye kiini ndani, unalipa umbo utakalo, unaficha mpira na pampu chini yake, na mtu mmoja analinyanyua siku ya kusafisha bwawa.

Rangi: kuanzia bora

Ya kwanza, bila ya ushindani, ni oksaidi ya unga. Hii ni rangi ya madini ya chuma, ile ile inayotumika kwenye sakafu nyekundu za zamani, na hupatikana nyekundu, nyeusi, ya manjano na ya kahawia. Unaichanganya na saruji kavu kabla ya kutia maji, kwa hiyo rangi inakuwa ndani ya jiwe. Haibanduki kwa kuwa hakuna tabaka la kubanduka. Jiwe likigongwa likatoka kipande, chini yake ni rangi hiyo hiyo. Jua haliififishi, na ukali wa saruji hauili.

Kipimo chake ni kwa uzito wa saruji, si wa mchanganyiko mzima. Asilimia 5 inatosha kwa rangi iliyokoza: kilo 5 za saruji, gramu 250 za oksaidi. Usipite asilimia 10. Kuzidisha hakuongezi rangi, kunaidhoofisha lipu tu. Kwa mawe yanayofanana na yetu utahitaji hasa nyeusi na manjano. Nyekundu ni ya kutia kwenye nyufa tu. Kilo moja moja ya nyeusi na ya manjano, na robo ya nyekundu, zinatosha bwawa la kawaida la uani.

Ijaribu kabla ya kununua nyingi. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, iache usiku kucha. Oksaidi ya kweli hutulia chini na maji ya juu husafika. Ikiwa asubuhi maji yote bado yamekoza kama ya kutilia rangi ukili, rudisha; hiyo itafifia juani na itachafua bwawa. Halafu kanda kijitonge cha saruji na rangi yako, ukianike mpaka kikauke kabisa, ndipo uamue. Lipu mbichi siku zote huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Ya pili ni epoksi ya sehemu mbili, rangi ngumu ya mikebe miwili inayochanganywa wakati wa kupaka, ile ya kupakia ndani ya matangi ya maji ya kunywa. Hii ni ghali, na mara nyingi itabidi uagizie Dar es Salaam. Kazi yake hasa ni kuziba: inafunga saruji isitoe ukali wake majini, kwa hiyo ni nzuri kwa aliyejengea mawe ndani ya bwawa na hawezi kuyatoa kuyaloweka. Angalia kwenye mkebe iandikwe kuwa ni salama kwa maji ya kunywa. Alama ya NSF/ANSI 61, kiwango cha Marekani cha vitu vinavyogusa maji ya kunywa, ni mojawapo ya kuaminika. Epoksi ya sakafu za gereji isiyo na maelezo hayo usiitie penye samaki.

Ina masharti yake. Jiwe liwe limekomaa na limekauka, si chini ya siku 28 tangu kupigwa lipu. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu joto la kaskazi huifanya igande ndani ya kopo kabla hujamaliza kupaka. Iache siku 7 au zaidi, kama mkebe unavyosema, kabla ya kujaza maji. Na juani epoksi hugeuka manjano na kutoa unga, basi sehemu iliyo juu ya maji ibakie na oksaidi yake tu.

Ya tatu ni rangi ya maji ya nje, ya akriliki, isiyong'aa. Inafaa kwa mawe yasiyoguswa na maji ya bwawa: ya pembeni, ya kuzungushia mimea, ya ukutani. Ni rahisi kupata, rangi unachanganyiwa dukani, na ukikosea unapaka tena. Ikizamishwa huvimba na kutoka vipande vipande, na nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia kuvu ambayo haina kazi njema ndani ya maji ya samaki.

Ya nne ni chokaa iliyochanganywa na oksaidi. Naipenda kwa sura yake. Hakuna rangi inayokaribia zaidi kuta za zamani za Mji Mkongwe, na ni rahisi kuliko zote. Lakini chokaa ni kali kama saruji mbichi, na mvua ya masika itaiteremsha. Ipake kwenye mawe yaliyo mbali na ukingo, ambako maji ya mvua hayarudi bwawani.

Ya tano ni ile rangi ya mafuta niliyoanza nayo. Ukali wa saruji huyala mafuta yaliyomo na kuyageuza sabuni, rangi ikalegea kutoka chini hata kama juu inang'aa. Hainunuliwi kwa kazi hii.

Na moja ambayo haipaswi hata kukaribia uani: rangi ya chini ya boti. Visiwani inapatikana kwa urahisi, na watu huwaza kwamba kinachostahimili bahari kitastahimili bwawa. Rangi hiyo imetengenezwa kuua. Nyingi zina shaba inayotoka polepole ili chaza na mwani wasiote kwenye boti. Baharini shaba hiyo huchukuliwa na mkondo; ndani ya bwawa la lita mia chache inabaki hapo hapo na samaki wako.

Saruji, mchanga na wavu

Saruji ya kawaida ya mfuko wa kilo 50 inatosha. Ukiweza kupata ya 42.5 (ndiyo namba ya nguvu iliyoandikwa mfukoni) chukua hiyo kwa tabaka la juu, maana inakuwa na nguvu mapema zaidi kuliko ya 32.5. Jambo la muhimu zaidi ni upya wake. Bonyeza pembe za mfuko. Ukikuta mabonge magumu, unyevu umeshaingia, na kwa hewa yetu ya pwani hilo hutokea upesi. Ukitaka jiwe jeupe la maziwa, kama tumbawe lililovunjwa sasa hivi, nunua kilo chache za saruji nyeupe kwa ajili ya tabaka la mwisho tu. Manjano juu ya saruji ya kijivu haitokei vizuri, hugeuka kama tope.

Mchanga uwe wa shimo, si wa pwani. Chumvi ya mchanga wa pwani itaula wavu ndani ya jiwe, na baada ya misimu miwili ya mvua utaona mistari ya kutu ikichuruzika kwenye rangi uliyoihangaikia. Uchimbaji wa mchanga Zanzibar ni wa kibali, basi nunua kwa muuzaji anayejulikana, au chukua ndoo chache zinazobakia kwa jirani anayejenga.

Wavu wa kuku uliopakwa zinki ndio wa kununua, ule wa matundu madogo. Ufunike kwa lipu isiyopungua sentimita 2 kila upande. Kiini cha ndani usikinunue kabisa. Kifusi cha matofali kinafaa kwa jiwe la chini, na yale maboksi meupe mepesi yanayofungiwa friji na televisheni yanafaa kwa jiwe la juu. Jiwe lenye kiini cheupe likiwekwa majini huelea, kwa hiyo la kuzama lifanyie kifusi.

Wengine hutia unga wa makumbi kwenye mchanganyiko ili jiwe liwe jepesi na lishike majani ya kijani haraka. Ni wazo zuri kwa mawe ya nchi kavu: kipimo kimoja cha saruji, kimoja na nusu cha mchanga, kimoja na nusu cha makumbi. Lakini makumbi yanayozikwa pwani kwa kutengenezea kamba yamelowa maji ya bahari. Yasuuze mara kadhaa kwanza.

Mawe ya fibaglasi yaliyo tayari yapo kwa kuagiza. Ni mepesi na hayatoi ukali wowote, na kwa bwawa lililo juu ya dari ya nyumba ningeyapendelea. Uani siyaoni kuwa na thamani ya bei yake. Mengi yana sura ya miamba ya nchi za baridi, mviringo na laini, na yakikaa chini ya mnazi yanajitangaza kuwa ya kigeni.

Kulifanya lifanane na letu

Nenda Jozani, mahali msitu unapoota juu ya jiwe tupu, uliangalie kwa karibu. Juu ni kijivu kilichokoza, karibu ya weusi, penye kuvu kavu. Ubavuni ni kijivu cha jivu. Ndani ya matundu kuna wekundu wa udongo, na palipovunjika ni maziwa yenye umanjano. Hizo ndizo rangi zako nne, na jiwe lenye rangi moja tu litaonekana ni saruji hata ulifinyange vipi.

Matundu yafanye lipu ikiwa imeanza kushika lakini bado inaitika kidole. Funga jiwe halisi la tumbawe kwa nailoni nyembamba, ulikandamize kwenye lipu ukilizungusha kila mara ili alama zisijirudie, kisha chokoa kwa kijiti hapa na pale. Lipu ya msingi iwe na manjano kidogo. Kesho yake chukua saruji laini iliyochanganywa na oksaidi nyeusi na maji mengi, ipake yote, halafu ifute kwa sponji mbichi: weusi utabaki matunduni. Wekundu utie kwa brashi ndogo, kidogo sana. Mwisho, brashi karibu kavu yenye saruji nyeupe ipitishe juu ya ncha tu.

Kabla ya samaki

Funika mawe kwa magunia mabichi, uyamwagie maji kila siku kwa wiki nzima. Yakikauka upesi kwa upepo na jua yatapasuka. Kisha yaloweke. Saruji mbichi hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu na ukali wake, mpaka 12 na zaidi, na samaki wengi wa bwawani wanataka kati ya 6.5 na 9. Loweka kwenye pipa, mwaga kila baada ya siku chache, rudia kwa wiki tatu au nne. Siki kidogo kwenye maji ya mwanzo husaidia. Anayetengeneza mawe kabla ya masika anaweza kuyaacha mvuani, na kazi nyingi ikafanywa na mvua.

Nunua vijikaratasi vya kupimia pH. Wanaohudumia mabwawa ya kuogelea ya mahoteli Nungwi na Paje wanavijua vinapouzwa. Pima maji yako ya bomba au kisima kwanza, maana maji yanayotoka kwenye mawe ya chokaa yana pH yake. Maji yaliyokaa na mawe siku tatu yakilingana na hayo, tia perege wawili watatu, uwangoje wiki moja kabla ya kuongeza. Usichelewe sana kuwatia, kwani bwawa bila samaki ni shamba la mbu.

Oksaidi nunua yote siku moja, fungu moja, na uzidishe kidogo. Mzigo mwingine hauji na rangi ile ile hasa. Iliyobaki ifunge kwenye kopo kavu na uandike juu yake vipimo ulivyotumia, kwa sababu ufa utatokea siku moja na utahitaji kuuziba kwa rangi hiyo hiyo.