Gobi gani wa kununua kwa tenki la mimea, ukiwa Mwanza

Nianze na hasara yangu. Mara ya kwanza kununua gobi, samaki wadogo wa kufuga kwenye tenki la kioo, nilichukua sita, wale wenye milia ya manjano na nyeusi kama nyuki. Walisafiri kutoka Dar kwenye basi, nikawatia katika tenki la lita 80 lenye mimea mingi ya anubia na samaki wengi wa aina ya gapi. Muuzaji aliniapia kwamba wanakula chochote. Siku ya kumi nikainama kumtazama mmoja aliyekaa juu ya jani: kichwa kikubwa, mgongo mwembamba, tumbo limebonyea kama mfuko uliofyonzwa hewa. Chakula kikavu kilikuwa kinashuka mbele ya pua yake, naye anakiangalia tu kinavyopita. Gapi walinenepa. Mwezi ulipoisha nilikuwa na gobi mmoja.

Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa uzuri wa rangi, ingawa wengi hununua kwa rangi. Nimeipanga kwa mdomo: nani ataweza kula ulicho nacho, akiwa na majirani wenye haraka, katika maji yetu ya huku.

Na maji yetu yana tabia yake. Maji ya Ziwa Victoria ni laini na yana chumvichumvi kidogo sana, kwa hiyo samaki yeyote anayetaka maji ya munyu hapa utamlea kwa kumpikia maji kila wiki. Joto si tatizo. Tenki langu la sebuleni hukaa kati ya nyuzi 23 na 27 bila hita. Maji ya bomba yana klorini, yaache ndooni wazi saa 24 au utumie dawa ya kuiondoa. Mawe ndiyo tumejaliwa. Granaiti ya milima yetu haibadilishi maji, isugue tu vizuri kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni.

Nafasi ya kwanza: gajoni tausi

Jina lake la kitaalamu ni Tateurndina ocellicauda, anatoka Papua Guinea Mpya. Wajuzi watakusahihisha kwamba si gobi halisi, ni wa ukoo jirani, na wana haki. Gobi halisi mapezi yake ya tumbo yameungana yakawa kama kikombe cha kunatia kwenye jiwe. Ya huyu yametengana. Lakini dukani wanauzwa pamoja, na kwa tenki la mimea lenye samaki mchanganyiko sijaona wa kumshinda.

Sababu ya kwanza ni kwamba haketi chini kungoja. Anaelea katikati ya maji, anafuata chakula, na baada ya siku chache za minyoo myekundu iliyogandishwa wengi hujifunza kuokota hata punje kavu ndogo. Ana mwili wa buluu wenye vidoa vyekundu, mapezi yenye ukingo wa njano, na doa jeusi karibu na mkia. Hukua kufikia sentimita 6 au 7. Dume hutokeza kipaji cha uso akikomaa; jike ana tumbo la njano na mstari mweusi ukingoni mwa pezi la chini.

Tena huzaana nyumbani. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba mabaki ya bomba la PVC la nusu inchi au robo tatu, kata vipande vya urefu wa kidole, vifiche nyuma ya mimea. Dume akichagua kimoja utamwona kichwa tu kimetokeza mlangoni. Jike hubandika mayai kwenye dari ya bomba, kisha dume hubaki ndani akiyapepea kwa mapezi hadi yaanguliwe. Mimi nilidhani dume wangu amekufa, kwa siku tatu hakuonekana. Alikuwa kazini.

Nunua watano au sita kwa tenki la lita 60, majike wawe wengi. Usimweke na samaki wakorofi. Kamba wadogo waliozaliwa jana atawala, hilo ulikubali mapema.

Nafasi ya pili: gobi wa mashavu, Rhinogobius duospilus

Huyu ni gobi halisi wa vijito vya Hong Kong na kusini mwa Uchina. Ana sentimita 4 au 5 tu, lakini dume mmoja na mwenzake wakikutana kwenye jiwe utaacha kuangalia televisheni: wanapanua midomo, wanafungua ngozi ya koo yenye rangi, kila mmoja anataka mwenzake aone mistari myekundu ya mashavu. Mara nyingi haliendi zaidi ya hapo.

Mdomo wake ni mzuri. Anapenda chakula hai na cha kugandishwa, lakini ana ujasiri wa kukirukia. Ninachompunguzia alama ni joto. Anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24, na miezi yetu ya joto inampa shida. Ukimtaka, tenki likae chini, mbali na dirisha la jua la mchana, na pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, huyu ndiye wa kwanza kupumua kwa shida, kwa hiyo uwe na pampu ndogo ya betri. Mpe mkondo, mchanga laini na mawe bapa ya kujificha. Anaweza kumaliza mzunguko wote wa uzazi katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi; nitalirudia hili chini.

Nafasi ya tatu: Stiphodon

Kwa rangi angekuwa wa kwanza. Dume wa baadhi ya spishi hung'aa buluu au kijani kama karatasi ya peremende. Tatizo ni kwamba yeye ni mchungaji: siku nzima anakwangua mwani na utando wa mawe, na katika tenki jipya lenye vioo safi hakuna cha kukwangua. Usimnunue kabla tenki halijatimiza miezi kadhaa.

Kuna njia ya huku inayofanya kazi. Weka mawe ya granaiti ukubwa wa ngumi katika beseni la maji, lianike juani uani. Baada ya wiki mbili au tatu yanaota kijani. Ingiza mawili tenkini, baada ya siku chache uyatoe na kuingiza mengine mawili. Beseni lifunike kwa chandarua, usije ukafuga mbu wa mtaa mzima.

Hutapata watoto. Mabuu wake huchukuliwa na mto hadi baharini kabla ya kurudi kukulia mtoni, kwa hiyo karibu wote wanaouzwa wamevuliwa porini na wamesafiri sana wakiwa na njaa. Faida ni moja: hupenda kunata kwenye kioo, basi mwangalie tumbo kwa mbele. Likiwa la mviringo, chukua. Likiwa limezama, mwache hata kwa nusu bei. Na funika tenki, maana hupanda kioo kilicholowa akatoka.

Nafasi ya nne: milia ya nyuki, Brachygobius

Hawa ndio wanaopatikana kirahisi, na ndio walioniumiza. Wanavutia mno, sentimita 3 za ukaidi mtupu. Chakula kisipotikisika kwao si chakula. Wape tenki lao peke yao, lita 40 zinatosha kwa wanane, na uwe na viluwiluwi vya mbu au artemia hai, vile vikamba vidogo sana vya chakula cha samaki, kila siku. Wengine huuzwa kama wa maji baridi ilhali wamezoea maji ya munyu. Muulize muuzaji wamekaa kwenye maji gani na kwa muda gani. Pamoja na gapi? Hapana.

Wa kuacha dukani

Stigmatogobius, yule wa kijivu mwenye vidoa vyeusi, anafika sentimita 8 na samaki wako wadogo kama neon tetra ni kitoweo chake. Yule mrefu wa zambarau anayeitwa joka, Gobioides, anapita sentimita 40 na anataka tope na munyu. Na mtu akikuuliza kwa nini usiweke furu wetu badala ya hawa wote, ni swali zuri, furu ni mzuri kuliko baadhi yao. Ila mimea yako ataing'oa.

Siku ya kununua

Usilipe kabla hujaona wakila. Mwambie muuzaji, kwa upole, "Naomba uwape kidogo niwaone." Akisema wameshakula asubuhi, rudi kesho asubuhi. Kama unaagiza kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, omba video ya samaki walewale wakila, na wasipewe chakula siku ya kusafiri ili wasichafue maji ya mfukoni.

Mimea nunua kwa mfugaji mwenzako. Ziwani imo mingi, lakini ukingoni wapo konokono wa kichocho, na kuingia majini kufuata jani la bure kunaweza kukugharimu.

Samaki akikushinda, mgawie mtu. Usimpeleke ziwani, hasa Rhinogobius, ambaye hahitaji bahari ili azaane. Gugu maji nalo liliwahi kuwa ua la kupamba mabwawa ya watu, na sangara aliletwa miaka ya 1950 kwa nia njema.

Mfuko ukifika, uelee tenkini dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tenki kila dakika tano kwa nusu saa. Mtoe samaki kwa wavu. Maji ya mfukoni usiyamimine tenkini, mwagia mchicha.