Kusafisha kabureta ya zamani au kufunga mpya

Pikipiki ya magurudumu manne ya umri wa Honda FourTrax 300, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1988 hadi 2000, ikisumbua kuwaka asubuhi ilhali plagi inatoa cheche nzuri ya buluu, lawama huangukia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na hapo mwenye chombo hujiuliza aisafishe iliyopo au anunue mpya ya bei nafuu.

Kusafisha hudai muda kuliko fedha. Petroli iliyolala miezi kadhaa huacha utando kama gundi, na tundu la jeti ya sailensi (kijibomba kinachopimia petroli injini inapozunguka polepole bila kuongezwa mafuta), ambalo ni jembamba kuliko milimita moja, huwa la kwanza kuziba. Ukiielekeza jeti hiyo kwenye mwanga usione nukta nyeupe katikati, umeugundua ugonjwa. Iloweke katika dawa ya kusafishia, pitisha uzi mmoja mwembamba wa waya wa shaba, kisha ipulize kwa kompresa. Waya wa chuma usiutumie kamwe, kwa kuwa hupanua tundu na kuharibu kipimo chake.

Kabureta mpya hufungwa haraka, lakini zile za kuiga huweza kuja na jeti zisizolingana na injini, na ugumu wa kuwaka ukarudi kwa sura nyingine. Kwa maoni yangu, ile iliyotoka na chombo kiwandani ndiyo ya kuhangaikia, na mpya inunuliwe pale tu mhimili wa kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) unapocheza kiasi cha kupitisha hewa pembeni, kwa sababu ulegevu huo hautibiki kwa kusafisha. Kwa njia yoyote ile, mwaga kwanza petroli ya zamani na uoshe tangi.