Silaha za kale za kijeshi Lamu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mpwa wangu aliye Mombasa alinitumia picha ya bastola, Colt M1911, na chini yake maneno machache: "Mjomba, naitaka hii ukutani. Huko Lamu haipatikani?"

Nilimjibu kwamba picha hiyo imetoka Marekani na sheria za kule ni za kule. Raia wa Marekani akipita uchunguzi anaweza kuuziwa M1911 iliyotoka ghala la jeshi lao. Shirika la kule liitwalo CMP, linalowauzia raia silaha za ziada za jeshi, lilianza kuziuza mwaka 2018. Kwetu bastola ni bastola, iwe ya jana au ya vita vya Kaizari. Bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unachotundika ukutani ni kesi. Na huu ni mji uliokaa chini ya kafyu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mwaka 2014. Usitarajie askari akusikilize ukimweleza habari za kukusanya vitu vya kale.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na chuma kisichotoa risasi.

Ya kwanza: singe ya Kiingereza, muundo wa 1907

Kama hujawahi kununua, anza hapa. Bamba lake ni la sentimita 43, na lilichomekwa mbele ya bunduki ya Lee-Enfield katika Vita Kuu vya Kwanza. Zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo ya kawaida haimlipi mtu kuighushi. Isitoshe, singe hii husema yenyewe. Futa kutu karibu na mpini kwa kidole gumba, utaona taji, kisha nambari 1907. Hapo ndipo muuzaji atakapokuapia kwamba ni ya mwaka 1907. Huo ni mwaka wa muundo tu. Tarehe yenyewe iko chini yake, tuseme 5 na 17, yaani Mei 1917, pamoja na jina la kiwanda: Wilkinson, Sanderson, Chapman. Geuza upande wa pili uone mshale wa serikali ya Uingereza na alama ya X, dalili kwamba bamba lilipindwa kupimwa.

Za mwanzo, kabla ya mwisho wa 1913, zilikuwa na ndoana kwenye kikingio cha mkono. Hizo ni adimu na ghali, na kwa kuwa ni ghali, wapo wanaounga ndoana baadaye. Tafuta mstari wa kuchomelea. Ukikuta bamba limekatwa likawa fupi, bei nayo ikatwe.

Kuna pia singe ya Vita vya Pili iliyo kama msumari mrefu. Ni rahisi, haiharibiki, na haipendezi hata kidogo.

Ya pili: jambia

Moyo wangu uko hapa, na ningeliweka la kwanza lau si hila zilizomo. Jambia, kisu kilichopinda cha Kiarabu, ni vazi kabla ya kuwa silaha. Bwana harusi wa zamani alilivaa juu ya joho, na hapakuwa na ubaya. La Oman utalijua kwa ala yake iliyopinda ghafla kama kiwiko, na nakshi za nyuzi za fedha.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua moja katika duka la hapa mjini. "Hili la babu yangu, shekhe, nakuuzia kwa shida tu." Fedha ya ala ilikuwa imefifia vizuri, mpini una weusi wa jasho la mikono. Nilifika nyumbani, nikalichomoa nilitie mafuta, likatoka na kipande cha karatasi ngumu kilichokuwa kimebandikwa ndani ya ala. Kilikuwa cha boksi la biskuti, lenye ile mistari myeusi ya kupigia bei. Babu wa watu alikuwa wa kisasa sana.

Tangu siku hiyo nachomoa hapohapo dukani na kumulika ndani kwa simu. Napitisha kidole katikati ya bamba: la kufuliwa lina mgongo ulioinuka, nao haulingani sawasawa, la kumiminwa ni laini kama kijiko. Sumaku itakwambia kama ala ni chuma, lakini haitakwambia kama ni fedha, kwa sababu shaba nyeupe nayo haivutwi. Kwa hilo mpelekee sonara.

Mpini ukiwa wa pembe ya kifaru au ya ndovu, rudisha. Usiulize bei. Hata kama kweli ni wa babu, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina huruma na nyara hizo.

Ya tatu: kitara

Upanga mrefu wa Kiarabu unapendeza juu ya mlango, lakini mara nyingi mpini ni wa mahali pengine na bamba la mahali pengine. Nunua kama umelipenda bamba peke yake.

Ya mwisho: gumegume na bastola za fataki

Hizi ni bunduki na bastola za kale za kushindilia baruti. Nyingi ya zile zenye shaba ya kung'aa ni mapambo ya watalii, mtutu umezibwa au haukutobolewa kabisa. Kama pambo, sawa, ila usilipe bei ya kale. Ikiwa ni ya kweli, matatizo ni mawili. Usimwamini muuzaji anayesema ya kale haihesabiwi silaha; waulize polisi kabla ya kutoa pesa. Pili, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa cha kale chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na hakitoki nchini bila kibali. Hili linahusu majambia pia.

Ukishanunua, omba risiti iliyoandikwa kitu chenyewe, si "mapambo" tu. Chumvi ya bahari yetu hula chuma usiku mmoja, basi pakaa mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi huvunda na kuita sisimizi. Usiihifadhi singe ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuipa kutu. Ukiondokea Manda kwa ndege, iwe ndani ya mzigo wa chini.

Mpwa wangu nimemwekea singe, ya Sanderson, imezungushiwa kanga kuukuu juu ya kabati. Aje aichukue mwenyewe. Mimi sipandi nayo basi, nikaanza kuieleza kwenye kila kizuizi cha polisi kuanzia Mokowe hadi Malindi.