Kopo, Chupa na Tyubu: Kipi Kimenipunguzia Mwasho?

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sina losheni mpya ya kuwaonyesha kwa mbwembwe. Mezani nina kopo la mafuta ya mgando, chupa ya kalamini na hii tyubu ndogo ya dawa. Vyote nimenunua kwa hela yangu. Na hili hapa pembeni ni dodoki. Nitalieleza, kisha linakwenda jalalani.

Kwa aliyeingia leo: mimi nina pumu ya ngozi tangu utoto. Hospitali wanaiita ekzema. Ngoja nisogeze mkono karibu na kamera, hapa kwenye mkunjo wa kiwiko. Mnaona? Si nyekundu kama zile picha za mtandaoni. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi panakuwa peusi zaidi au pa kijivu, na ukipapasa kuna vipele vidogo vidogo. Basi nyumbani waliona ni uchafu. "Jisugue vizuri!" Nikajisugua kwa dodoki na sabuni ya mche asubuhi na jioni, na kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyowashwa. Ngozi yenye pumu haishiki maji vizuri, inavuja. Sabuni kali inaondoa hata yale mafuta kidogo iliyonayo, na dodoki linamalizia kazi.

Halafu haiambukizi, tafadhali, nipeni mkono. Ila kama nyumba nzima mnajikuna, usiku ndiyo balaa, na vipele vimejaa katikati ya vidole, huo huenda ni upele, ule ugonjwa unaoambukiza. Mkatibiwe wote kwa pamoja.

Haya, kalamini. Ukipaka unasikia ubaridi, raha kabisa. Dakika kadhaa baadaye inakauka, inabaki unga wa waridi, na ngozi inavuta. Ukiumwa na mbu, sawa. Kwa pumu ya ngozi, na mimi ninayeishi Dodoma kwenye huu upepo mkavu wa Julai, inanizidishia ukavu. Chupa hii ina miezi minne na bado imejaa, mjue siigusi.

Kopo sasa. Mafuta ya mgando, yasiyo na harufu. Soma kopo vizuri, maana yale yanayonukia waridi, na mengi ya watoto, yana manukato, na manukato yenyewe yanaweza kukuchokoza. Nilitumia miaka nikisema hayafanyi kazi. Kumbe kosa langu lilikuwa kupaka ngozi ikiwa imeshakauka. Mafuta haya hayaleti maji, yanayafungia tu yasitoke. Kwa hiyo naoga maji ya uvuguvugu, dakika kama tano hadi kumi, najikausha kwa kugusagusa na kanga iliyochakaa, sisugui, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka palepale bafuni. Ukisema ngoja nivae kwanza, umechelewa. Wiki ya pili nililala usiku mzima. Mwenye ugonjwa huu anajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani.

Lakini nisiwadanganye. Nikienda kwetu Tanga, kopo hili linanishinda. Joto lile, jasho linanaswa chini ya mafuta, mwasho unarudi mbio. Huko natumia krimu nyepesi isiyo na harufu, na nikitoka jasho najimwagia maji, napaka tena.

Tyubu hii ni haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, ya nguvu ndogo, niliyoandikiwa na daktari. Ni ya siku mbaya, mahali palipochachamaa tu, kwa siku alizosema yeye. Kiasi ni mstari wa dawa wa kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza. Unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kabla ya hapo, duka moja la dawa liliniuzia tyubu ya mchanganyiko, ndani yake kuna klobetasoli, ambayo ni steroidi kali sana. Mwasho ulikata siku mbili, nikashangilia. Nikaendelea kupaka usoni miezi, ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana. Wapo wanaozitafuta makusudi kwa ajili ya weupe. Dada zangu, geuzeni boksi msome majina.

Vidonge vya mzio? Vile vya kusinzisha vilinipa usingizi, mwasho ulibaki kulekule. Usiku ukinishika nabandika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi, nakandamiza, sikuni. Kucha nazikata fupi. Na pakianza kutoa majimaji au ukoko wa njano, funga kopo, nenda hospitali, huenda vijidudu vimeshaingia.

Kama ningebakiwa na hela ya kitu kimoja, ningechukua kopo.

Haya, ndoo yangu ilikuwa ya moto tulipoanza, sasa imeshakuwa vuguvugu. Naenda kuoga. Kopo naenda nalo.